Maisha ya Imam Ibn Hajar al-Asqalani na Subira Yake kwa Kufiwa na Watoto

 

Jina la Ibn Hajar si geni kwa watu wa pwani, ila wenye kuitwa kwa jina hilo ni wawili, na wengi huwachanganya. Mmoja ni Ibn Hajar al-Haitami, mwenye Tuhfa, kitabu ambacho wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi hukitegemea katika fatwa. Huyo alizaliwa mwaka 909 wa Hijra na kufa Makka mwaka 974. Wa pili, naye ndiye aliyetangulia kwa zama, ni Ahmad bin Ali, Ibn Hajar al-Asqalani, mwenye Bulughul-Maram na mwenye Fat-hul-Bari, sharhi kubwa ya Sahihi ya Bukhari. Khabari hizi ni za huyo wa pili. Ilimu yake yajulikana. Yasiyojulikana sana ni ya nyumbani kwake, kwamba bwana huyu aliwazika binti zake watano, na kwamba mengi aliyoyaandika juu ya mauti na misiba aliyaandika hali mkono wake umekwisha shika mchanga wa makaburi yao.

Alizaliwa Kairo, katika nchi ya Misri, mwezi wa Shaabani mwaka 773, sawa na mwaka 1372 wa Masihiya. Asili ya wazee wake ni Asqalan, mji wa pwani ya Palestina, na ndipo akaitwa al-Asqalani. Babake, Nuruddin Ali, alikuwa mtu wa ilimu na mashairi, tena mwenye biashara.

Kuzaliwa kwake kulitanguliwa na msiba wa mtoto. Nuruddin alikuwa na mwana mwengine, mkubwa, aliyekwisha soma fiqhi na kutumainiwa. Kijana huyo akafa, na babake akaingiwa na huzuni kubwa mno. Akamwendea Sheikh Yahya as-Sanafiri, mtu aliyejulikana kwa ucha Mungu, naye akampa bishara kwamba Mwenyezi Mungu atampa badala yake mtoto mwengine na kumrefushia umri. Khabari hii imeandikwa na Imam as-Sakhawi, mwanafunzi wa Ibn Hajar, katika kitabu alichokitunga juu ya maisha ya sheikh wake. Basi Ahmad alikuja duniani katika nyumba ambayo machozi yake yalikuwa hayajakauka, na tangu utotoni alijua kuwa mahali pake palikuwa pa mwengine kwanza.

Bishara ilitimia, lakini babake hakukaa kuiona. Mamake alikufa angali mdogo, kisha babake naye akafa mwezi wa Rajabu mwaka 777, na mtoto ana umri wa miaka minne. Akalelewa na Zakiyuddin al-Kharrubi, mfanyabiashara mkubwa ambaye babake alimuusia. Akahifadhi Kurani akiwa na miaka tisa. Mwaka 784 mlezi wake akenda naye Makka, na Ramadhani ya mwaka wa pili yake akasalisha watu tarawehi katika Msikiti Mtukufu, naye ana miaka kumi na miwili.

Aliyebaki naye katika damu yake ni dada yake, Sittur-Rakb, yaani bibi wa msafara, kwani alizaliwa safarini katika njia ya Hija. Alimpita Ahmad kwa miaka mitatu. Alikuwa msomaji na mwandishi, mwenye akili nyingi, na Ibn Hajar alimhesabu kuwa ndiye mamake baada ya mamake. Naye akafa mwaka 798. Mwaka huo huo, yeye ana miaka ishirini na mitano, alimwoa Uns binti Abdulkarim, msichana wa nyumba kubwa ya Kairo.

Ya ilimu yake ni marefu, na vitabu vimeyaeleza. Yatosha kusema kuwa alishikamana na Zainuddin al-Iraqi, bingwa wa hadithi wa zama zake, kwa muda wa miaka kumi, na kwamba alisoma kwa al-Bulqini na Ibn al-Mulaqqin pia. Akasafiri Sham na Hijazi, na Yemeni mara mbili, akifika Adeni na Zabid. Na huko Zabid alikutana na al-Firuzabadi, mwenye Qamus. Katika safari ya pili, mwaka 806, marikebu yao ilivunjika, na mali yake ikazama pamoja na vitabu alivyovinakili kwa mkono wake mwenyewe. Watu wa bahari wajua uchungu wa kuona shehena ikienda chini. Yeye alirudi Misri akaanza tena kunakili.

Kwa Uns alipata mabinti: Zain Khatun mwaka 802, kisha Farha, kisha Ghalia (ambaye wengine humwandika Alia), kisha Rabia, na wa mwisho Fatima. Mwana mume, Badruddin Muhammad, alimpata mwaka 815 kwa suria wake. Haikuwa desturi yake kuwaacha wanawake wa nyumbani mwake nje ya ilimu. Alimpeleka Uns kusikiliza hadithi kwa masheikh wake mpaka akapewa ijaza na al-Iraqi mwenyewe. Na Zain Khatun alifundishwa kusoma na kuandika, akaombewa ijaza kwa wanavyuoni angali mtoto. Wako watu waliodai kwamba kumfundisha binti kalamu ni kumfungulia mlango wa shari. Watu hao na watazame ni nani aliyeufungua mlango huo Kairo, kisha waseme kama wao waijua sharia kuliko Ibn Hajar.

Mwaka 817 (1414) alianza kuwasomea wanafunzi wake sharhi ya Bukhari. Ilikuwa kazi ya kila wiki: huandika, huleta barazani, wanafunzi hodari huisoma na kuipinga panapopingika, kisha husahihishwa. Hakujua kwamba ingemchukua miaka ishirini na mitano. Wala hakujua ni nani watakaokuwa hai nyumbani mwake itakapokwisha.

Miaka miwili baadaye, mwaka 819 (1416), tauni iliingia Misri. Maradhi haya yalikuwa yakirudi huko mara kwa mara tangu ile tauni kubwa ya mwaka 749 (1348), iliyofuta miji mizima. Mtu huamka mzima, huvimba tezi kwapani au kinenani, na baada ya siku chache husaliwa. Katika tauni ya mwaka huo Ibn Hajar alifiwa na binti zake wawili, Ghalia na Fatima. Wote wawili walikuwa wadogo.

Waislamu hawakukatazwa kulia. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahimu, aliyekufa Madina mwaka wa kumi wa Hijra akiwa hajamaliza kunyonya, na masahaba walipoona machozi yake wakastaajabu, aliwafahamisha kuwa hayo ni rehema, kilichokatazwa ni kupasua nguo na kutamka maneno ya kumkasirisha Mola. Naye (s.a.w.) kabla ya hapo alikuwa amekwisha wazika Ruqayya, Zainab na Ummu Kulthum, asibakiwe na mtoto aliye hai siku ya kufa kwake ila Fatima. Mtu aliyekuwa akiyasomesha hayo kila wiki hakuhitaji kuambiwa na waliokuja kuhani. Lakini kuyajua ni jambo moja, na kurudi kutoka makaburini na kuingia nyumba iliyopungua watoto wawili ni jambo jengine.

Alilolifanya Ibn Hajar ni kushika kalamu. Mwaka ule ule wa 819 alianza kukusanya kitabu alichokiita Badhlul-Maun, juu ya tauni na fadhila zake. Alikigawanya milango mitano: asili ya tauni, kisha maana yake, kisha kuwa ni shahada kwa muumini afaye kwayo, kisha hukumu ya kutoka katika mji ulioingiwa nayo au kuuingia, kisha yampasayo mtu kuyafanya inapoteremka. Mwisho akataja tauni zilizopita tangu mwanzo wa Uislamu. Si kitabu cha maombolezo. Ni kitabu cha mwanachuoni atafutaye lililo thabiti, apime kila isnadi, akubali na akatae. Akaweka wazi, kwa hadithi zisizo na shaka, kwamba afaye kwa tauni ni shahidi, na kwamba akaaye katika mji wake kwa subira, akijua kuwa halitamfika ila aliloandikiwa, ana mfano wa malipo ya shahidi. Baba aliyekuwa akizipanga hadithi hizo alikuwa akipanga khabari za Ghalia na Fatima.

Ama sababu ya maradhi yenyewe, Ibn Hajar alieleza kwa yaliyopokewa na kwa tiba ya zama zake. Kidudu cha tauni hakikuonekana na jicho la mwanadamu mpaka mwaka 1894, huko Hong Kong, alipokigundua daktari Alexandre Yersin. Kisha ikajulikana kuwa huenezwa na viroboto wa panya. Hilo halikupunguza kitu katika amri ya Mtume (s.a.w.) ya kutouingia mji wenye tauni wala kuukimbia aliyemo. Madaktari wa karne zilizofuata walifika katika neno lilo hilo kwa njia yao.

Liko jambo jengine aliloliandika katika Fat-hul-Bari, nalo lastahiki kuelezwa kwa utulivu. Katika Sahihi ya Bukhari, kitabu cha Janaza, mna mlango wa fadhila ya mtu aliyefiwa na mtoto akayahesabu malipo yake kwa Mwenyezi Mungu. Humo zimepokewa khabari za wanawake wa Madina waliomwomba Mtume (s.a.w.) awawekee siku yao ya kuwaidhiwa. Akawawekea, na katika aliyowaambia ni kwamba mwanamke aliyetanguliza watoto watatu, watoto hao watakuwa pazia baina yake na Moto. Mmoja wao akauliza juu ya wawili, naye akajibiwa kuwa hata wawili.

Likabaki swali: je, aliyefiwa na mmoja? Na je, aliyefiwa na mtoto aliyekwisha baleghe, hali riwaya nyengine zawataja wale wasiobaleghe? Haya si maswali ya wanavyuoni peke yao. Kila aliyewahi kukunja nguo ndogo na kuzitia sandukuni ameyauliza, hata kama hakuyatamka.

Ziko riwaya zinazomtaja mtoto mmoja, nazo zapendeza moyo. Ibn Hajar akazikusanya, akazitazama njia zake moja moja, kisha akasema waziwazi kwamba hakuna katika njia hizo ifaayo kusimama kuwa hoja. Ingekuwa wepesi kwa baba kulegeza mizani mahali pale. Hakuilegeza. Wala hakumwacha msomaji mikono mitupu, kwani alimpeleka katika kitabu cha Riqaq, humo humo katika Sahihi, kwenye hadithi ya Abu Huraira ambayo Mtume (s.a.w.) ameipokea kwa Mola wake, na maana yake ni kuwa mja muumini aliyeondolewa kipenzi chake katika watu wa dunia, kisha akasubiri kwa kutaraji malipo, hana malipo kwa Mola wake ila Pepo. Akaeleza kuwa kipenzi huyo aweza kuwa mtoto, au ndugu, au kila apendwaye na mtu. Na kwamba mmoja huingia katika ahadi hiyo na walio zaidi ya mmoja. Na kwamba hilo ndilo lililo sahihi zaidi katika yaliyopokewa juu ya jambo hilo. Hadithi hiyo haikutaja idadi wala umri. Maelfu ya watu waliofiwa na mtoto mmoja wamefarijiwa kwa mistari hiyo, na wanaweza kuutegemea uzito wake, kwa kuwa aliyeuweka mizanini hakudanganya.

Mfungo Nne mwaka 827 alitiwa ukadhi mkuu wa Mashafi wa Misri. Kazi hiyo aliuzuliwa na kurudishwa mara nyingi, mpaka jumla ya miaka aliyoitumika ikawa kama ishirini na mmoja, naye alijuta kuikubali kwa jinsi ilivyomkata na vitabu vyake. Mwaka wa 828 (1425) alitimiza Bulughul-Maram, ambayo husemwa kuwa aliiandika kwa ajili ya mwanawe Badruddin aihifadhi. Katika mwaka uo huo Farha alirudi kutoka Hija pamoja na mumewe, naye ni mgonjwa, akafa. Watu wengi walioisoma Bulughul-Maram hawakujua kuwa mwaka ilipotimizwa mwandishi wake alivaa huzuni ya binti yake wa tatu.

Rabia alifuata mwaka 832. Akabaki Zain Khatun, yule wa kwanza, mwenye kuandika.

Mwaka 833 (1430) ikaja tauni iliyo kali kuliko zote baada ya ile ya 749. Ibn Hajar ameandika kwamba tarehe 27 Mfungo Saba wafu wa Kairo walikuwa hawafiki 40 kwa siku. Watu wakaamrishwa kufunga siku tatu, na tarehe 4 Mfungo Nane wakatoka jangwani kama watokavyo kuomba mvua. Wakakusanyika, wakaomba saa moja, wakarudi. Mwezi haukwisha ila wafu wamepita 1,000 kila siku, kisha wakazidi. Yeye alikuwa ameukataa mkusanyiko huo, kwani haukupokewa kwa Mtume (s.a.w.) wala kwa masahaba, nao walifikiwa na tauni, na watu wa Damaski walipofanya vivyo hivyo mwaka 749, mambo yalizidi badala ya kupungua. Dua ya mtu kwa Mola wake hakuikataza. Alilolichukia ni kuzusha ibada kwa hofu. Yataka moyo kwa kadhi, katika mji ambao kila mlango una jeneza, kuwaambia watu kuwa jambo walilolitumaini halina asili.

Katika tauni hiyo alikufa Zain Khatun, naye ni mja mzito. Mtume (s.a.w.) amemhesabu afaye kwa tauni katika mashahidi, na amemhesabu mwanamke afaye na mtoto tumboni katika mashahidi pia, hivyo wanavyuoni wakasema kuwa bibi huyu alikusanya shahada mbili. Babake alikuwa ameyaandika yote mawili kabla ya siku ile.

Na mwaka huo huo wa 833, mwezi wa Mfungo Tisa, alikitimiza kitabu cha tauni. Kilianzwa baada ya vifo vya binti wawili, kikakaa miaka kumi na minne pasi na kutimizwa, kikafungwa baada ya kifo cha binti wa mwisho.

Zain Khatun alizaa watoto kadhaa, nao walikufa, akabaki mmoja tu, Yusuf bin Shahin, aliyezaliwa mwaka 828. Bibi yake, Uns, akamchukua akamlea. Uns hakujaaliwa mwana mume kwa Ibn Hajar, na mabinti wote aliowazaa wamekwenda. Naye alikuwa na desturi ya kukhitimisha Sahihi ya Bukhari katika miezi ya Rajabu na Shaabani, akawaalika watu, akawagawia matunda na halua, watoto wakaijaa nyumba. Wanavyuoni, na as-Sakhawi ni mmoja wao, walimsomea hadithi mumewe akiwa hapo. Inafaa kukumbukwa kuwa kila msiba uliotajwa katika kurasa hizi ulikuwa ni wake pia, tena yeye ndiye aliyewabeba.

Mwanzo wa Rajabu mwaka 842 (1438) Fat-hul-Bari ilitimia. Tarehe 8 Shaabani ikafanywa karamu nje ya mji wa Kairo, iliyogharimu kama dinari 500. Wakaja makadhi, wanavyuoni, wakubwa wa dola na watu wasiohesabika, na ukasomwa mlango wa mwisho wa kitabu. Wafalme wa nchi za mbali walikuwa wamekwisha tuma watu kukitaka. Watu wa Kairo waliitaja siku ile kwa muda mrefu. Alipoanza kitabu hicho nyumba yake ilikuwa na mabinti. Siku ya karamu hakuna hata mmoja aliyekuwa hai.

Aliishi miaka kumi baada ya hapo, akisomesha. Aliacha ukadhi kwa mara ya mwisho mwaka 852, akaugua, na usiku wa tarehe 28 Mfungo Tatu mwaka huo (Februari 1449), baada ya Isha, akafariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sultani Jaqmaq alihudhuria Sala yake, na umati wa watu usio mfano wake. Akazikwa Qarafa, si mbali na kaburi la Imam Shafi.

Uns aliishi baada yake hata mwaka 867. Hakuolewa tena, kwa kutaraji awe mkewe katika Pepo. Yule mjukuu, Yusuf, akawa mtu wa hadithi kama babu yake, akanakili vitabu vyake kwa mkono wake, na watu wakamwita Sibt Ibn Hajar, yaani mjukuu wa Ibn Hajar kwa upande wa binti, jina ambalo ndani yake yumo Zain Khatun.